Mama anameza diklofenaki kila siku: je, ipo dawa ya maumivu isiyochoma tumbo?

*"Shikamoo daktari. Niko Tandahimba. Mama yangu ana miaka 63, magoti yamesagika. Kwa karibu miaka miwili anameza diklofenaki ya miligramu 50 asubuhi na jioni, tunanunua duka la dawa hapa hapa. Msimu wa kuokota korosho ukifika anaongeza Diclopar usiku. Ana presha, anatumia losartani iliyochanganywa na dawa ya kukojoza. Tumbo linamchoma; akizidiwa anakunywa omeprazoli siku mbili tatu, anaacha. Wiki hii choo chake kimekuwa cheusi, ila ameanza vidonge vya kuongeza damu kwa hiyo sikushtuka. Nimesoma kwamba kuna dawa ya maumivu inayotoa gesi ya hidrojeni salfaidi na haitoboi tumbo. Naweza kuipata Dar, au kuiagiza India? Mjomba anasema hakuna haja, salfa tunayopulizia mikorosho ndiyo hiyo hiyo, alambe kidogo kwenye uji. Jirani anasema achomwe sindano badala ya vidonge, tumbo litapumzika. Nishauri."*

Marahaba. Mimi ni mfamasia, si daktari, na kwa sababu hiyo jambo la kwanza nitakalokwambia ni kwamba mama aonwe na daktari, tena leo. Habari ya gesi ni nzuri na nitaieleza kwa kirefu, lakini hicho choo cheusi hakisubiri.

Ni kweli vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma na hubadilisha rangi ya choo. Kwa kawaida kinakuwa cheusi kinachoelekea kijani, kimeshikana, na harufu yake ni ile ile ya siku zote. Choo chenye damu iliyotoka tumboni huwa cheusi kama lami, kinanata, kinang'aa, na harufu yake inamfukuza mtu chooni. Usikae nyumbani ukijaribu kutofautisha, maana hata sisi tunakosea kwa macho matupu. Halafu jiulize: nani alimwambia mama damu imepungua, na imepungua kwa nini? Mwanamke wa miaka 63 haoni siku zake tena. Akikutwa na upungufu wa damu huku anameza diklofenaki kila siku kwa miaka miwili, shaka ya kwanza ya mtu wa dawa ni kwamba damu inavuja kidogo kidogo tumboni. Vidonge vya chuma vinajaza ndoo inayovuja, tena vinaificha rangi ambayo ingewashtua.

Kwa hiyo asimamishe diklofenaki na Diclopar sasa hivi. Hospitali ya wilaya hapo Tandahimba wanaweza kupima wingi wa damu na kumwangalia presha. Ikibidi watampa rufaa, iwe hospitali ya Ligula au ile ya Kanda ya Kusini, zote za Mtwara, au ya Ndanda. Vidonge vya presha mwende navyo, na kabla hajameza dozi inayofuata daktari aamue, kwa sababu mtu anayevuja damu presha yake inaweza kushuka. Akitapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, akisimama akaona kizunguzungu, akatokwa jasho la baridi, moyo ukaenda mbio, au tumbo likauma ghafla na kukakamaa, msisubiri gari la asubuhi. Na usitegemee maumivu yakupe taarifa. Kwa wazee wanaotumia dawa hizi kidonda huweza kutoboka bila kuuma sana kabla yake, kwa kuwa dawa yenyewe inatuliza maumivu.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, nikianza na jirani yenu, kwa sababu ushauri wake nausikia dirishani karibu kila wiki.

Watu wengi wanadhani kidonge kinachoma tumbo kwa kuligusa, kwa hiyo ukikikwepesha tumbo kwa njia ya sindano, shida imekwisha. Kugusa kuna sehemu yake, lakini ndogo. Madhara makubwa yanakuja kupitia damu. Mwilini kuna vimeng'enya viwili vinavyotajwa zaidi hapa, COX-1 na COX-2, ambavyo kazi yake ni kutengeneza prostaglandini. Kwenye goti lenye uvimbe, prostaglandini ndizo zinazoleta joto, maumivu na kuvimba. Tumboni prostaglandini hizo hizo ni fundi anayepaka lipu kila siku: zinaagiza ute utandwe juu ya ukuta wa tumbo, zinaongeza bikaboneti ya kupunguza makali ya asidi, zinapitisha damu ya kutosha kwenye ukuta huo na kuharakisha chembe mpya kujaza palipochubuka. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini na ndugu zake zinafanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Dawa haijui kuchagua kati ya goti na tumbo. Ikishaingia kwenye damu, kwa kidonge, kwa sindano au kwa kuweka njia ya haja kubwa, inamsimamisha fundi kote kote. Mishipa midogo ya ukuta wa tumbo inasinyaa, chembe nyeupe za damu zinaganda kwenye kuta zake na kuziba njia, asidi inapata mwanya. Ndiyo maana sindano haimwokoi mama. Kula kwanza au kunywa maziwa kunaweza kupunguza kiungulia, lakini hakuzuii kidonda. Nami nina ugomvi kidogo na zile sindano za maumivu zinazochomwa mfululizo siku tano kwa mgongo au goti. Mgonjwa anatoka amefurahi, na hakuna anayemuuliza habari za tumbo wala figo.

Hapo ndipo ile gesi inapoingia.

Hidrojeni salfaidi ni gesi yenye harufu ya yai viza. Ni sumu: inaziba pumzi ya chembe za mwili, na kwenye mashimo ya maji machafu imeua watu waliokuja kumwokoa aliyetangulia. Ikiwa nyingi inaua hata uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo harufu ikipotea si dalili ya usalama. Lakini mwili wetu wenyewe unaitengeneza, kwa kiasi kidogo mno, kutokana na protini tunazokula. Mwaka 1996 watafiti wa Japani, Kazuho Abe na Hideo Kimura, walionyesha kwamba kwenye ubongo gesi hii huenda inatumika kupeleka ujumbe. Baadaye ikaonekana kwamba hata tumboni ina kazi: inalegeza mishipa midogo ili damu ipite, inazuia chembe nyeupe zisigande kwenye kuta, na inasaidia vidonda kupona. Ukiangalia vizuri, hizo ni kazi zile zile zinazokwama prostaglandini zikizuiwa. Zaidi ya hapo, majaribio ya wanyama yalionyesha kwamba dawa za jamii ya aspirini na diklofenaki zinapunguza pia hidrojeni salfaidi inayotengenezwa kwenye ukuta wa tumbo. Kwa hiyo tumbo linapoteza walinzi wawili kwa mpigo.

Wazo likawa hili: chukua dawa ya maumivu inayojulikana, iunganishe na kipande cha kemikali kinachoachia hidrojeni salfaidi pole pole, ili mkono mmoja uzuie prostaglandini na mwingine urudishe ulinzi. Aliyelisukuma zaidi ni John Wallace, mtafiti wa Kanada, kupitia kampuni ya Antibe Therapeutics ya Toronto. Walijaribu kuunganisha na diklofenaki na hata aspirini, lakini iliyofika mbali ni ya naprokseni, iliyoitwa kwanza ATB-346, kisha otenaproxesul.

Pengine ulichosoma ni matokeo ya mwaka 2018, na ni matokeo ya kufurahisha kweli. Watu 244 wenye afya waligawanywa: wengine walipewa naprokseni miligramu 550 mara mbili kwa siku, wengine ATB-346 miligramu 250 mara moja. Baada ya wiki 2 wakaangaliwa tumbo kwa kamera. Waliopata vidonda vya milimita 3 au zaidi walikuwa karibu asilimia 42 kwa naprokseni, na asilimia 2.5 kwa dawa mpya. Mtu wa dawa akisoma hivyo anasimama kitini.

Akikaa tena, anaanza kuuliza. Waliojaribiwa walikuwa wazima, si mama wa miaka 63 mwenye presha na pengine bakteria wa vidonda tumboni. Ilikuwa wiki 2, mama ana miaka miwili. Tena ukipima uzito wa kemikali zenyewe, ndani ya miligramu 250 za ATB-346 kuna naprokseni kama miligramu 160 tu, wakati kundi la naprokseni lilikuwa linameza 1,100 kwa siku. Watafiti walijibu hoja hiyo kwa kupima kwenye damu: vimeng'enya vya COX vilikuwa vimezuiwa kwa kiasi kinacholingana kwenye makundi yote mawili. Ni jibu zuri. Mimi linanishawishi kwamba wazo lina ukweli.

Kilichoiangusha hakikuwa tumbo, kilikuwa ini. Mwaka 2021, katika jaribio la kuitumia kwa muda mrefu zaidi, baadhi ya watu walionekana vimeng'enya vya ini vimepanda kwenye damu, na jaribio likasimamishwa. Kampuni ikabadili mwelekeo, ikataka dawa itumike siku chache tu kwa maumivu ya baada ya upasuaji. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ikazuia jaribio lililofuata lisianze, na muda mfupi baadaye kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Haikuwahi kuidhinishwa. Haiuzwi Dar, haiuzwi India, haiuzwi Kanada ilikozaliwa.

Sasa ukitafuta mtandaoni utakuta wanaouza kitu chenye jina hilo. Hiyo ni kemikali ya maabara, inapakiwa kwa ajili ya majaribio, haikutengenezwa kwa masharti ya dawa ya binadamu, na TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa nchini, hawajaisajili. Hata kama ingekuwa safi, mama anahitaji dawa ya miezi na miaka, na matumizi marefu ndiko ilikoshindwa. Usitume pesa.

Na hii si mara ya kwanza tumbo kuahidiwa nafuu. Kabla ya gesi hii walijaribu kuunganisha naprokseni na kemikali inayotoa naitriki oksaidi. Marekani ikaikataa mwaka 2010. Kabla ya hapo zilikuja dawa zinazozuia COX-2 peke yake na kumwacha COX-1 wa tumbo. Tumbo lilipata nafuu ya kweli, lakini Vioxx iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya kuongeza shambulio la moyo na kiharusi. Ndugu yake, selekoksibu, bado ipo na ni dawa halali, nitaigusa chini.

Kuhusu mjomba, mwambie kwa heshima zote: hapana. Salfa ya mikorosho ni unga wa kuzuia ubwiri unga kwenye majani na maua, umetengenezwa kwa ajili ya shamba. Akiulamba, sehemu yake itafika utumbo mpana na bakteria wataigeuza kuwa hidrojeni salfaidi, lakini hakuna anayejua ni kiasi gani, lini, wala unga wenyewe umechanganywa na nini kiwandani. Atakachopata kwa uhakika ni kuhara. Dawa ile ya Kanada ilikuwa na thamani kwa sababu ilitoa gesi kidogo na pole pole, na bado ini likalalamika. Na msichanganye haya na ule mzio wa salfa ambao watu huandikiwa kwenye kadi baada ya kudhurika na SP au Septrin. Hizo ni dawa za kundi jingine kabisa. Mwenye mzio huo haimhusu gesi hii wala unga wa shambani.

Usishangae pia mtu akikuletea habari ya vitunguu saumu. Ni kweli, mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba chembe nyekundu za damu zinaweza kutoa hidrojeni salfaidi kutoka kwenye kemikali za kitunguu saumu. Kwenye mchuzi ni kitamu, aendelee. Kutafuna punje mbichi juu ya kidonda kinachovuja damu ni kujitafutia makubwa.

Tuje kwenye yanayowezekana, tukichukulia kwamba daktari amemwona na damu, kama ilikuwepo, imedhibitiwa.

Mwombe daktari apimwe Helicobacter pylori, bakteria wanaoishi kwenye ukuta wa tumbo. Bakteria hawa na diklofenaki kila mmoja analeta kidonda peke yake, na wakikutana hatari inazidi. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria wenyewe ni bora kuliko kile cha damu, kwa sababu cha damu kinaweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha zamani. Omeprazoli huweza kuwaficha bakteria, ndiyo maana kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo. Ila kwa mtu aliyevuja damu hilo ni uamuzi wa daktari, msiisimamishe wenyewe. Akikutwa nao, amalize dozi yote, mara nyingi ni siku 14, hata kama mdomo utakuwa mchungu.

Omeprazoli anaitumia vibaya. Si dawa ya kuzimia moto ukishawaka. Anayelindwa nayo humeza kila siku, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kwa muda wote anaotumia dawa inayodhuru tumbo. Hata hivyo ina mpaka wake: inalinda tumbo na mwanzo wa utumbo, lakini utumbo mwembamba ulio mbele, ambako hakuna asidi, hailindi. Majaribio ya panya yanaonyesha inaweza hata kuongeza madhara huko, kwa kubadilisha bakteria wa utumbo. Ndiyo sababu watafiti wameng'ang'ania hidrojeni salfaidi. Walitaka kinga ya njia nzima ya chakula. Misoprostoli ni prostaglandini ya kutengenezwa na inalinda tumbo, lakini inaharisha, na kwa mwanamke mwenye mimba inaitoa, kwa hiyo isiwe dawa ya kuazimana nyumbani.

Kwa magoti, ningependa asirudi kwenye diklofenaki ya kumeza kabisa. Sina woga wa kusema hivyo. Presha yake peke yake ingetosha: dawa hizi zinapandisha presha na zinapunguza nguvu ya losartani, na losartani, dawa ya kukojoza na diklofenaki zikikutana figo ndizo zinazoumia. Diclopar nayo ina diklofenaki ndani yake pamoja na parasetamoli, kwa hiyo kila msimu wa korosho alikuwa anaongeza dozi ya kitu kile kile bila kujua. Kama kuna vidonge vidogo vyeupe anavyopewa kwenye vipakiti bila jina kwa ajili ya viungo, vipelekeni pia. Mara nyingi ni prednisoloni au deksamethasoni, na zikichanganywa na diklofenaki zinaongeza sana hatari ya kuvuja damu.

Badala yake kuna diklofenaki ya kupaka. Kwa goti inasaidia vizuri kwa sababu goti liko karibu na ngozi, na inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo sana ikilinganishwa na ya kumeza. Apake mara tatu au nne kwa siku kwa wiki kadhaa kabla ya kusema haifai, ila aanze baada ya daktari kuridhika kwamba damu imesimama. Parasetamoli inaweza kuongezwa, isizidi gramu 3 kwa siku kwa umri wake. Kwa magoti yaliyosagika nguvu yake ni ndogo, sitakudanganya. Selekoksibu pamoja na omeprazoli ni chaguo la daktari anapoona hakuna njia, baada ya kupima moyo, presha na figo.

Kisha kuna kitu ambacho hakiuzwi dukani kwangu: misuli ya paja. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, ashushe, arudie mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Baada ya wiki sita hadi nane wengi wanaona tofauti. Kuokota korosho kwa kuinama kutwa nzima kuna wajukuu. Yeye akae kwenye kiti achambue. Choo cha kuchuchumaa mkikiwekea kiti cha mbao chenye tundu, magoti yatawashukuru kabla ya kidonge chochote.

Ukienda hospitali leo beba makasha yote, hata matupu, na vidonge vya kuongeza damu vikiwemo. Mwambie daktari choo kilianza kuwa cheusi siku gani na vidonge hivyo vilianza siku gani. Kama choo kilitangulia, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuisema mkishaingia chumbani.